Uvimbe Mdogo wa Fundi Pancha

Wapendwa, na ninyi akina baba mliojibana kule nyuma karibu na mlango, nisikilizeni kidogo. Leo mmewapa akina mama zamu ya neno, basi mimi nitaanza na tyubu ya baiskeli.

Alikuwepo fundi pancha mmoja. Alifanya kazi pale njia panda, beseni la maji mbele yake, pampu ubavuni, viraka vimepangwa juu ya gunia. Mwanafunzi akifika tairi imekwisha upepo, alimjazia bure na kumwambia, "Wahi shule." Miaka thelathini alikuwa hivyo.

Siku moja akaenda hospitali kupimwa figo. Figo zikaonekana nzima, lakini picha ikaonyesha kitu kingine. Ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo na kushuka tumboni, unaobeba damu ya mwili mzima, ulikuwa umevimba mahali pamoja. Na presha yake ilikuwa juu. Wakamlaza.

Kitanda cha pili alilala mchuuzi wa ng'ombe, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, naye ana ugonjwa uleule. Uvimbe wake ulikuwa na ukubwa wa chungwa. Wa fundi ulikuwa na ukubwa wa limau. Kwa makabila yao hao walikuwa watani, kwa hiyo wodi haikukosa kicheko.

"Wewe mwenye kalimau," mchuuzi alisema, "umekuja kulazwa kwa sababu ya kipele? Waachie vitanda wenye magonjwa."

"Mtani, hilo lako si ugonjwa, ni ubahili. Umemeza ng'ombe uliyekataa kumuuza."

Saa za kuona wagonjwa, kitanda cha mwenye chungwa kilizungukwa. Kwaya ilikuja. Wachuuzi wenzake walikuja na mchuzi wa kuku. Kwa fundi alikuja mkewe tu, naye akitoka hapo alipita kumpa pole mwenye chungwa. Na fundi mwenyewe, jamani, ndiye aliyegeuka mhudumu wa kile kitanda. Mchuuzi aliogopa hata kukohoa, akidhani atapasuka. Fundi alimpepea, akamshikia kikombe cha uji, akamfunika miguu. Siku tisa.

Sasa, madaktari wanaoweza kutengeneza mshipa ule walikuwa wanatoka mbali, mara moja kila miezi mitatu, na safari hii walikuwa na nafasi moja. Utaratibu ulikuwa wa rula. Uvimbe ukifikia ukubwa fulani, unafanyiwa upasuaji. Haujafikia, nenda nyumbani, urudi baada ya miezi sita. Chungwa lilipita rula, limau halikufika. Nafasi ikawa ya mchuuzi, na kila mtu aliona ni haki. Nanyi mjue, mshipa ule ukimpasukia mtu nyumbani, hafiki hata kwenye geti la hospitali.

Lakini pale hospitali palikuwa na binti mhandisi. Kazi yake ilikuwa kuchukua zile picha na kuujenga mshipa wa mgonjwa ndani ya kompyuta, na umbo lake na mipindo yake, kisha kuupitishia damu kwa presha ya mgonjwa mwenyewe, ili aone ukuta unavutwa wapi. Palipotulia paliwaka buluu. Palipovutwa sana paliwaka nyekundu. Alipomaliza picha za hawa wawili alizipeleka kwa daktari mkuu. Daktari akawapima tena presha, akazitazama zile picha hadi jioni, halafu akasema, "Nafasi ibadilike. Nenda ukamweleze fundi."

Akamkuta fundi ameshavaa shati lake, mfuko mkononi.

"Shikamoo, baba. Usiondoke kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ni yule pale. Mimi mzima, rula yenyewe imesema."

Binti akaona akibishana naye hatamweza. Akafungua kompyuta juu ya kitanda, akamwonyesha mishipa miwili isiyo na majina. "Baba, wewe ni fundi. Hizi zingekuwa tyubu, na mteja ana safari ndefu, ungemkataza asipande ipi?"

Fundi akaweka mfuko chini. Hiyo ilikuwa kazi yake. Akainama, akatazama kama anavyotazama mapovu kwenye beseni.

"Hii kubwa inatisha," alisema, "lakini imevimba mviringo. Pande zote zinasaidiana kubeba upepo. Inakwenda hii. Lakini hii ndogo..." akagusa palipowaka nyekundu. "Unaona ilivyotokeza upande mmoja? Hapa panabeba peke yake. Wateja huniambia, 'Fundi, haka kadogo tu, jaza upepo twende.' Nakataa. Hii hata sokoni haifiki. Mwambie mwenyewe ashuke sasa hivi."

"Baba," binti akasema taratibu, "mwenyewe ni wewe."

Fundi akaketi kitandani polepole, kama mtu aliyepakata mayai.

"Itapasuka lini?"

"Siku siijui, baba. Najua mahali."

Hakujililia. Aligeuka akamtazama mwenzake. "Na huyu je? Nafasi ni moja."

Mchuuzi, yule aliyekuwa anaogopa kukohoa, akajiinua kwenye mto. "Mnanijadili kama ng'ombe wa mnada na mimi nipo? Siku tisa nimekula uji kwa mkono wako. Nenda wewe. Tyubu yangu umesema mwenyewe inakwenda. Ikinipasukia, nitakufuata pale njia panda na kelele zangu zote." Akacheka, na fundi naye akacheka huku machozi yanamtoka.

Fundi alifanyiwa upasuaji. Daktari alisema pale mahali ukuta ulikuwa umechakaa kama kanga iliyofuliwa miaka kumi, ile ambayo ukiinyoosha juani unamwona mtu wa upande wa pili. Baada ya miezi mitatu mchuuzi naye alipata zamu yake, akatoka salama. Na nani alikuwa amekaa pembeni ameshika kikombe cha uji? Mnamjua.

Sasa tuje kwetu sisi. Je, sisi hatupimi kwa rula? Nyumba ya mtu ikiungua tunakimbia na ndoo, na tunafanya vizuri, tusiache. Lakini yule anayeosha vyombo kwenye kila msiba, yule anayembeba mtoto wa mwenzake ibada nzima ili mwenzake asikilize neno, yule anayejibu "mimi mzima" kila Jumapili, nani amewahi kumtazama? Tunasema shida yake ni limau. Ana mume, ana kazi, watoto wanasoma. Na sisi wenyewe hatujiambii hivyohivyo? Fundi alijua tyubu za mji mzima. Ya kwake hakuitambua mpaka alipoonyeshwa bila jina.

Nilipojifungua huyu wangu wa pili, mlikuja. Mtoto mzima, mama mzima, mkambeba, mkamshukuru Mungu, mkarudi makwenu. Kufika wiki ya sita hapakuwa na mgeni tena, na siwalaumu, hapakuwa na chungwa la kuonekana. Asubuhi moja Mama Minza, huyu hapa anayejificha nyuma ya mwenzake, alipita kurudisha ungo. Hakuniuliza habari za mtoto. Alinitazama usoni, akaweka ungo chini, akasema, "Mwanangu, mara ya mwisho umekula ukiwa umekaa ni lini?" Nililia mpaka kanga ikalowa. Akamchukua mtoto, akasonga ugali kwa mkono mmoja, nikala nimekaa. Mpaka leo hajui alizuia nini.

Mungu hatumii rula, wapendwa. Anajua kila mmoja wetu anavutwa wapi, na macho haya ametupa tuyatumie kwa wenzetu. Tukitoka hapa tutasalimiana kama kawaida, hujambo, sijambo. Leo tusiishie hapo. Mshike mkono mtu mmoja ambaye hujawahi kumwonea huruma, umuulize kama Mama Minza alivyoniuliza, na usimwachie mpaka ajibu.

Na ukishikwa mkono wewe, usiseme "mimi mzima." Weka mfuko chini.