Tairi la Safari ya Mtae

Pale mjini hapakuwa na duka jingine la matairi, ndiyo maana Shemweta aliuza alivyotaka. Chambuso wa bodaboda alipoomba tairi la bei nafuu, aliletewa moja linalong'aa.

"Jipya kabisa!" aliapa Shemweta.

Chambuso akalipapasa. Kidole kikatoka cheusi kwa dawa ya viatu.

"Zuri," alisema. "Nifungie, tajiri. Kesho naenda Mtae kwa mama yako."

Shemweta aliweka spana chini. "Mama atapanda pikipiki hii?"

"Si unajua anavyochukia kusubiri basi."

"Na ule mteremko, na mvua hii?"

"Hofu ya nini? Si umesema tairi ni jipya?"

Shemweta alikohoa, akaingia stoo, akatoka na tairi jipya kweli, lenye vinyweleo vyake vya mpira vya kiwandani. "Chukua hili. Bei ileile."

Kesho yake jioni mama yake alipiga simu. "Yule kijana wa pikipiki kanunua mapeasi yangu yote. Mpole kweli!"

"Kwani hajakuleta mjini?"

"Mimi? Kwa pikipiki? Anajua tangu mwaka jana kwamba sipandi dude hilo hata nikishikiwa panga. Hakukwambia?"