Kwa Nini Vikongwe wa Ilunda Hubebwa Mgongoni Asubuhi ya Sakitu

Zamani, kabla watu wa mlima Ilunda hawajajua kucheka wakati wa kipupwe, miezi ya baridi ilikuwa kama msiba usio na maiti. Upepo wa kwanza ukivuma kutoka kileleni, kila nyumba iliziba mlango kwa matita ya nyasi kavu, ikaacha upenyo mdogo tu wa mtu kutoka kwenda kutafuta kuni. Ndani watu walinong'ona. Waliamini kwamba baridi ina masikio, na ikisikia mtu anacheka itadhani imekaribishwa, haitaondoka tena. Walioumia zaidi ni vikongwe. Walilala gizani wakingoja jua au kifo, na mara nyingi kifo ndicho kilichotangulia kufika.

Basi ikatokea kijana mmoja wa mlimani, Lutengano, akaenda kuoa chini kabisa, ufukweni mwa ziwa, ambako watu hulala milango wazi kwa joto. Mkewe, aliyemleta mlimani, aliitwa Twilumba. Kipupwe kilipoingia na mumewe akaanza kupanga nyasi mlangoni, Twilumba alidhani anataniwa. Kadiri siku zilivyopita alinyong'onyea. Alikuwa akiota maji. Akizinduka alisikia mawimbi yakipiga, kumbe ni upepo unaopita juu ya paa.

Humo ndani alilala pia Sekela, mama mzazi wa Lutengano, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kumbeba. Jioni moja Twilumba alikuwa akimkanda kwa mafuta ya moto, machozi yakamdondokea yule mama magotini.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Ninalilia ziwa letu, mama."

Sekela akasema kwa sauti ya chini, "Nilipokuwa mtoto nilitoroka alfajiri moja ya kipupwe. Nikakuta majani yote meupe, yanang'aa. Na bondeni palikuwa na maji, maji yasiyo na ng'ambo. Niliporudi nilichapwa, nikaambiwa nimeota. Nami nikakubali kuwa nimeota. Lakini ningependa kujua, kabla sijaenda zangu."

Twilumba alipomweleza mumewe, Lutengano alishtuka.

"Ukimtoa nje atakufia mgongoni," alisema. "Na kijiji kizima kitasema mimi ndiye niliyemuua mama."

"Na akifia humu, gizani, bila kujua?"

Lutengano aligeukia moto.

Alfajiri, mumewe akiwa bado amelala, Twilumba aliondoa matita mlangoni moja moja. Alimvika mama mkwe ngozi za kondoo, akamfunga mgongoni kwa mbeleko kama mtoto mchanga, akatoka naye. Nje palikuwa kimya na peupe. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya kila jani. Twilumba, ambaye nyayo zake zilizoea mchanga wa moto, alikanyaga nyasi, zikamng'ata. Akapiga ukelele, akaruka, akakanyaga tena, akaruka tena. Huko mgongoni Sekela akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kilichokwama miaka mingi, kikitoka kwa kukwaruza, kisha kikafunguka.

Walipofika ukingoni mwa mteremko Twilumba alisimama ghafla. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe uliotulia, umetanda hadi mwisho wa macho, na vilele vya milima vimechomoza humo kama visiwa. Jua lilikuwa linaugusa kwa mbali, ukawa na rangi ya asali. Twilumba alihisi pumzi ikimrudia kifuani.

"Mama," alisema, "hukuota."

Sekela aliinamisha kidevu begani kwa mkwewe, akatazama.

Kicheko kile kilipenya kuta zote za kijiji. Lutengano alikuja mbio, hasira na hofu vimemjaa, tayari kumnyang'anya mkewe mgonjwa wake. Lakini alipouona uso wa mama yake, mkono ulimshuka. Alirudi nyumbani, akaja na makaa kwenye kigae, akawasha moto palepale ukingoni. Majirani nao wakaanza kutokeza, wamejitanda ngozi, wamekuja kukaripia. Aliyetangulia alikuwa mzee Mbwilo, mkubwa wa kijiji.

"Mnacheka nini wakati kama huu?"

"Njoo uone," Sekela alimjibu, "kabla jua halijayanywa maji haya."

Mbwilo alitazama muda mrefu. Alipogeuka hakukaripia mtu. Aliomba tu asogezewe nafasi penye moto, na mwanamke mmoja akaenda kuleta chungu cha uji wa ulezi.

Mwaka huo baridi haikupungua hata chembe, wala haikukaa zaidi ya desturi yake. Sekela hakufa. Alikufa baadaye sana, masika, maharage yakiwa na maua, baada ya kubebwa ukingoni kipupwe baada ya kipupwe.

Na tangu siku hiyo, asubuhi ya sakitu ya kwanza, hakuna mlango unaozibwa Ilunda. Wakwe na wajukuu huwafunga vikongwe mbeleko, wakawapeleka ukingoni, na uji hunywewa hapo pamoja kwa kelele nyingi. Wageni hutushangaa, wakatuuliza kama sisi hatuoni baridi. Tunaiona, tunawaambia. Ndiyo tuliyotoka kuitazama.