Mama Njiku na Mwandishi Wetu

Afutaye jina la msemaji huandika la kwake. Mmeisikia methali hii kwa wahariri, nanyi vijana mmeuliza imetoka wapi. Ilianza hivi.

Mjini Singida palikuwa na tovuti ya habari iliyokuwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyetumwa kwenda kuhoji mtu. Kila asubuhi walifungua magazeti ya wengine, wakachagua habari, wakaiandika upya. Wenyewe waliiita kazi hiyo kuosha habari. Elineema Mughwai ndiye aliyekuwa muoshaji hodari. Aya ya mwisho aliifanya ya kwanza, akabadili maneno, kisha akafuta majina ya waliohojiwa, kwa kuwa majina hayo ndiyo yaliyoonyesha habari imechumwa shamba la nani. Chini aliandika "Mwandishi Wetu." Jambo moja tu lilimkera: jina lake mwenyewe lilikuwa halijatokea popote. Mama yake alikuwa ameacha hata kuuliza litatokea lini.

Siku moja gazeti liliandika kwamba mfanyabiashara Yohana Mpahi amedai kuwa mafuta ya alizeti ya kiwanda cha Salome Njiku huchanganywa na mafuta hafifu. Likaongeza kuwa Mama Njiku amekana, na kwamba vipimo vinasubiriwa. Elineema akaiosha. Mpahi akaenda na maji, kukana kukaenda, vipimo vikaenda. Kilichobaki kilisema: Kiwanda cha Njiku chachanganya mafuta.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezagaa kwenye simu za watu. Wenye maduka wakaanza kurudisha madumu. Vipimo vilipotoka, mafuta yalionekana safi, lakini madumu yaliendelea kurudi. Ndipo Mama Njiku alipokuja ofisini na wakili wake, akaketi bila kukaribishwa.

"Huyu Mwandishi Wetu ni nani?"

Bi Tatu Hango, mwenye tovuti, alimtazama Elineema.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kiwandani kwangu ulikuja lini?"

"Sikuja. Maneno yale si yangu, mama. Yalisemwa gazetini."

"Gazetini alisema Mpahi," wakili alisema. "Kwako kasema nani? Hebu soma."

Elineema aliisoma habari yake kutoka juu hadi chini. Hamkuwa na msemaji hata mmoja ndani yake.

"Tuliitoa gazetini," Bi Tatu aliingilia. "Tovuti zote zinafanya hivyo."

"Tukio halina mwenyewe, dada," wakili alimjibu. " Yeyote anaweza kulisimulia. Masimulizi ndiyo yenye mwenyewe. Mkisema habari hii ni ya gazeti, gazeti litawashtaki kwa kuchukua kazi yake bila idhini. Mkisema ni yenu, mama huyu atawashtaki kwa kumchafulia jina. Chagueni mlango."

Mama Njiku ndiye aliyesema.

"Mimi sina haja ya kesi ya miaka. Nataka wateja wangu wajue. Andikeni kwamba mlikosea, mliitoa wapi na mlifuta nini. Na chini pasiwe na Mwandishi Wetu. Huyo simjui, na wenye maduka hawamjui."

Elineema aliomba radhi kwa mhariri wa gazeti kwa simu, kisha akaketi kuandika. Alimrudisha Mpahi mahali pake, akarudisha kukana, akaweka matokeo ya vipimo. Mwisho aliandika jina lake lote.

Maelezo hayo yalikaa juu kabisa ya tovuti hadi alizeti mpya ilipovunwa. Baadhi ya maduka yalirudi kwa Mama Njiku. Mengine hayakurudi tena.

Jirani alimpelekea mama yake Elineema simu ili ajionee jina la mwanawe. Mama alilisoma jina kwanza, akatabasamu. Kisha akasoma yaliyokuwa juu yake, akamrudishia jirani simu yake.

Afutaye jina la msemaji huandika la kwake.