Jina la Mtoto wa Mbonea

Sogeeni karibu na moto, na aliye mdogo apakatwe. Ninayo hadithi iliyonilemea, nawapeni mnisaidie kuibeba.

Kijijini kwetu Irindi, juu kabisa katika milima ya Upare, wapo watu watatu. Mzee Senzighe alikuwa mpuliza baragumu. Akipuliza, hata waliogombana walikutana kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Nakunda ni mgawa maji. Anajua kila mfereji unatoka wapi na unakwenda kwa nani. Elinazi alikuwa mrina asali. Alishuka magenge kwa kamba kama wewe unavyoshuka kitandani.

Wageni wanakipenda kijiji chetu. Wanakuja kuona pango, na lile jiwe ambalo ukisimama juu yake unaiona nyika yote, lakini zaidi wanakuja kuona maporomoko. Kijana wetu Mbonea ndiye aliyewaongoza. Siku moja binti mgeni alisimama penye utelezi apigwe picha.

"Dada, rudi! Hapo hapasimamwi!"

Binti akateleza. Mbonea akamrukia, akamsukuma pakavu. Yeye mwenyewe akaenda na maji, yakamkandamiza chini ya mwamba.

Siku mbili hakuonekana. Mama yake alikaa ukingoni, hali, hanywi. Tukamwambia, "Twende nyumbani, Mama Mbonea." Akajibu, "Niende wapi, na mwanangu amelowa huku?" Hakuomba muujiza. Aliomba kaburi.

Kumtoa kulitaka mto uzuiwe, na mto hauzuiwi na watu wachache. Siku ya tatu ilikuwa ya soko, watu wote wako vijiji vya chini. Mzee Senzighe kifua kilikuwa kibovu, daktari alishamkataza baragumu. Mkewe akamshika shati: "Mume wangu, utakufa!"

"Basi mtazika wawili," akasema, akapuliza.

Alipuliza mpaka soko likavunjika, watu wakapanda na majembe. Damu ikamtoka kinywani. Hajapuliza tena.

Haya, watu wamekuja, lakini mto utauzuia wapi? Nakunda akawaonyesha: hapa mawe, hapa migomba, hapa udongo. Maji nayo lazima yapate pa kwenda, na mfereji uliokuwapo uliangukia shamba lake, maharage yamekomaa.

"Shangazi, tutafute mfereji mwingine," vijana wakasema.

"Huo mwingine umeuficha kwa mjomba wako? Nipishe!"

Akafungua kwa mkono wake mwenyewe. Maharage yakaenda, na udongo ukaenda. Leo pale ni mawe matupu.

Maporomoko yakanyamaza. Tangu nizaliwe sikuwahi kuyasikia yakinyamaza. Elinazi akashuka kwa kamba, akamkuta Mbonea, mguu umebanwa na jiwe. Akaliinua, likamrudia mkononi. Juu tunapiga kelele, "Panda! Maji yanabomoa!" Akapanda, Mbonea mgongoni. Vidole vyake vitatu vilibaki kule. Kamba haishiki tena.

Tukamzika Mbonea karibu na mlango wa mama yake.

Miezi miwili baadaye mjane wake, Namsifu, akajifungua mvulana. Sasa sikieni. Kwetu Irindi, anayemrudisha marehemu nyumbani hulipwa jina: mtoto anayefuata katika nyumba ile huitwa kwa jina lake, na siku yeye akifa, mtoto huyo humlilia kama mzazi. Jina ni moja tu, haligawanywi. Na wale watatu, Mungu hakumpa hata mmoja wao mtoto.

"Bila pumzi yangu mngekuwa sokoni mnapima vitunguu," akasema Mzee Senzighe.

"Hata mngekuja elfu, mngeyatazama maji tu," akasema Nakunda.

Elinazi naye? Aliuweka mkono wake magotini, tukauona.

Mjomba mmoja akacheka, "Mvulana aitwe Nakunda?" Bibi mmoja akamkata, "Mto ulizuiwa na suruali yako?"

Wengine wakasema, "Mpeni jina la baba yake, yaishe." Mama Mbonea akatikisa kichwa. "Hilo siliwezi. Nikiliita, nitageuka kutazama mlangoni."

Mtoto ana mwezi sasa, bado anaitwa "wewe". Kule mtoni wageni wanapiga picha, wanasema pazuri. Ni kweli, pazuri. Bibi yake amempakata, wale watatu wameketi mbele yake, na kila mmoja anaona haya kuomba tena.

Je, wewe mwenzangu, angekuwa mapajani pako, ungemwita nani?