Kindi na Picha za Siku ya Kubonyeza

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwa zimekwisha kufika porini, bonde la Kigunga lilikuwa na bwawa moja tu. Kiangazi kikikaza, wakubwa kwa wadogo walishuka kunywa kwa wakati mmoja, na aliyeumia siku zote ni mdogo.

Ndipo Mzee Kifaru akafungua ofisi. Kazi ya ofisi ile, watoto, ilikuwa kuandika programu iitwayo Zamu. Unaifungua kwenye simu yako, inakuambia: wewe na jamaa zako, maji yenu ni saa fulani. Basi.

Mmoja wa waandishi wa programu alikuwa Kindi. Mwili wake kiasi cha ngumi, vidole vyepesi, na shingoni kamera. Huyo alipenda picha, jamani! Wenzake wakinywa chai, yeye yuko dirishani, kacha! kacha! anapiga umande, anapiga utando wa buibui.

Sasa, desturi ya ofisi ilikuwa hivi. Waliandika mwaka mzima bila kumwonyesha mtu. Halafu ikifika Siku ya Kubonyeza, ngoma zinapigwa, pilau linapikwa, na Mzee Kifaru anabonyeza kitufe kimoja kikubwa. Programu yote inaruka kwa mpigo kwenye simu za bonde zima.

Mwaka mmoja Mzee Kifaru alibonyeza. Tii! Simu zote zikaonyesha saa ile ile: saa sita mchana. Tembo wakashuka, pundamilia wakashuka, ngiri wakashuka. Puu! Digidigi akavunjika mguu kwenye msongamano ule.

Kesho yake Nyati, msaidizi wa Kifaru, aligonga meza. Ngo! Ngo!

"Nani kaharibu?"

Waandishi wakainamia kompyuta zao.

"Nasema, nani kaharibu?"

Chura akainua mkono. "Mstari mmoja niliukosea, mzee."

Chura alifukuzwa kabla ya adhuhuri, na hakuonekana tena bondeni. Tangu siku hiyo, kila aliyeona kosa alilifukia kimya kimya.

Mwaka uliofuata, zikiwa zimebaki siku thelathini tu kabla ya Siku ya Kubonyeza, Kindi aliona rafiki yake Kobe hali chakula. Kobe ndiye aliyekuwa akiijaribu programu kabla haijatoka.

"Kobe, una nini?"

"Sina kitu."

"Mchicha unao tangu juzi na hujaugusa. Sema."

Kobe akachungulia mlango, akashusha sauti. "Kuna makosa, Kindi. Si moja, na sijui yote yako wapi. Mzigo ni mkubwa mno, nikigusa huku, kule kunapasuka. Nikisema, nitamfuata Chura. Nisiposema, kuna mtu atakanyagwa."

Kindi alikuwa ameuona mguu wa Digidigi kwa macho yake. Akaenda moja kwa moja kwa Kifaru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ongea haraka."

"Mzee, tuitoe Zamu vipande vipande. Leo pundamilia peke yao, kesho swala. Kipande kikiharibika tunakirudisha, tunatengeneza."

Kifaru akacheka mpaka kalamu zikaruka mezani. "Mimi? Nitoe kazi kidogo kidogo kama mbuzi anavyodondosha mavi njiani? Siku ya Kubonyeza ipo, na ngoma zimeshaagizwa!"

"Umesikia," akasema Nyati. "Rudi kazini."

Kindi akageuka. Alipofika mlangoni aliona kitu. Nyati alikuwa akijitazama kwenye kioo cha dirisha, anaweka sawa pembe zake. Na Kifaru, ambaye macho yake hayaoni hata herufi za mbele ya pua, alikuwa amevuta tumbo ndani.

Akarudi.

"Wazee wangu, jambo moja tu. Picha ya siku hiyo nani atapiga?"

"Wewe si una kamera?" Kifaru akauliza.

"Ninayo. Lakini picha ya mkubwa haipatikani kwa kupiga mara moja. Mwaka jana mlitoka mmefumba macho. Inataka mazoezi. Kila siku saa nne, jua likiwa zuri, mje mkae pale kwenye kitufe."

"Kila siku?" Nyati akakunja uso.

"Kila siku. Tena mbonyeze kweli. Kidole kikibonyeza kwa uongo, shavu linalegea, na kamera haifichi. Na simu zizimwe, mlio wake unanitikisa mkono."

Kifaru akafikiri. "Shavu linalegea, eeh?"

"Vibaya sana, mzee."

"Basi. Saa nne."

Usiku ule ule Kindi na Kobe walianza kazi. Walichukua Zamu wakaikata. Kipande cha kwanza kilikuwa kidogo: saa za pundamilia tu, hakuna kingine. Kobe alikijaribu mara tatu, kwa kuwa kidogo kinajaribika, kisha wakakiunganisha na kitufe.

Saa nne Kifaru akakaa, Nyati akasimama nyuma yake.

"Kidevu juu, mzee. Sasa, bonyeza!"

Kacha!

Na kipande kikaruka. Pundamilia wakafungua simu zao, wakaona saa yao, wakaenda, wakanywa, wakarudi. Kifaru na Nyati hawakujua lolote, maana wakubwa wale walikuwa na kisima chao nyuma ya ofisi, na bwawani hawakuwa wamekanyaga tangu mwaka jana.

Kesho yake swala. Kacha! Keshokutwa nyani. Kacha! Siku nyingine kilitoka kitu kidogo kabisa, maandishi yaliyokuzwa ili vizee wasome.

Siku ya tisa mambo yaliharibika. Ngiri alikuja mbio na wanawe sita, mkia juu, anapiga kelele.

"Simu inaniambia nikanywe saa nane! Tumekwenda, tumekuta tembo! Tumeponea chupuchupu!"

Kindi hakungoja. Alirusha mikono kwenye kompyuta, ta-ta-ta-ta, akarudisha saa za ngiri kama zilivyokuwa jana. Chai ya Kobe ilikuwa bado inatoa moshi.

"Tazama simu yako sasa, Baba Ngiri."

"Saa mbili asubuhi. Haya, hiyo ndiyo yetu."

Ngiri alipoondoka, Kobe alikuwa ameingiza kichwa ndani ya gamba. Sauti ikatoka humo. "Ni mimi. Mbili na nane nilizichanganya."

"Sawa," Kindi akasema. "Tumejua. Kesho tuongeze jaribio la saa."

"Basi? Hivyo tu?"

"Ulitaka nikugongee meza?"

Kichwa kikatoka taratibu. Wenzao walikuwa wamesikia. Kabla ya jioni mmoja akaja akasema, "Hata mimi ninalo kosa nililolifukia." Halafu mwingine. Kindi aliyaandika ukutani yote, wakaanza kuyamaliza.

Ghafla Nyati akaingia. "Nimesikia Ngiri akipiga kelele. Nani kaharibu?"

Kindi akashika kamera. "Saa aliiona vibaya, mzee. Sasa anaiona vizuri. Hebu geuka kidogo kushoto, pembe imepata mwanga wa ajabu."

Nyati akageuka. Kacha!

Siku ya Kubonyeza ikafika. Ngoma zikalia, pilau likanukia, bonde zima likakusanyika. Kifaru akavuta tumbo, akanyoosha kidole, akabonyeza.

Hakuna tii. Hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Kimya.

"Nani kaharibu?" Nyati akanguruma, vumbi likatimka.

Kobe akaanza kusogea mbele. Kindi akamtangulia.

"Hakijaharibika kitu. Hakuna kilichobaki kutoka. Mzee, umeshabonyeza mara ishirini na saba." Akazitandaza picha mezani, moja baada ya moja.

"Kweli!" akapaza sauti Mama Pundamilia. "Sisi tunakunywa kwa zamu mwezi mzima. Hajakanyagwa mtu."

"Umetudanganya!" Nyati akasema.

"Nimewadanganya," Kindi akajibu. "Nilianza kwa kuwaomba waziwazi, mkacheka."

Nyati akainamisha pembe. Lakini Kifaru alikuwa ameokota picha moja, ameisogeza karibu kabisa na jicho.

"Hii ya siku gani?"

"Ya tisa, mzee. Siku simu ilipokosea, ikamwambia Ngiri akanywe saa nane, saa ya tembo."

"Saa ya tembo?"

"Ndiyo."

"Na aliyebonyeza ni nani?"

"Wewe, mzee."

Mpiga ngoma alishusha mikono. Kifaru akaitazama picha, halafu akamtazama Nyati.

"Basi niliyeharibu ni mimi. Utanifukuza?"

Nyati akainua pembe, akarudi nyuma.

"Ngiri," akaita Kifaru, "ilichukua muda gani kurekebishwa?"

"Nilisimama pale pale mlangoni, mzee. Sikupata hata nafasi ya kukaa."

Kifaru akaiweka picha chini. "Mwaka jana tulichukua miezi minne," akasema polepole. "Kindi, kesho mnatoa nini?"

"Kitu kidogo tu. Saa za nungunungu waliohamia juzi upande wa kusini."

"Nitakuja saa nne. Safari hii mtanisomea kilichomo kabla sijabonyeza."

Pilau lililiwa. Nyati hakuonja, alinuna wiki mbili, kisha akaomba ahamishiwe ofisi ya barabara. Kobe alikula sahani tatu.

Hadithi yangu imetua hapo, watoto, na funzo lake ni hili: kazi kubwa itoe kidogo kidogo, na anayesema amekosea asikilizwe kabla ya kufokewa.