Ngano Iliyokutwa Tumboni mwa Njiwa

Wamepokea wazee wetu kutoka kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Waajemi, kwenye bonde lililo chini ya mlima wa mawe mekundu, aliishi mja mmoja aitwaye Farukhi, mkulima wa matikiti. Alikuwa mcha Mungu kwelikweli. Akiokota kamba njiani humtafuta mwenyewe mpaka jua lichwe, na mbuzi wake akiponyoka akala majani ya mtu, maziwa ya siku ile hayanywi.

Alirithi kwa baba yake mnara wa udongo, ndani una mamia ya vishimo, na kila kishimo kina njiwa wake. Njiwa hao hakuwalisha hata punje. Kila asubuhi waliruka kwenda kujitafutia, jioni wakarudi, na samadi yao ikadondoka chini ya mnara. Mara moja kwa mwaka Farukhi hufungua kufuli la mlango, akaizoa yote, akaitia shambani mwake. Matikiti yake yalinenepa hata punda wake akiyaona huinamisha masikio. Naye kila alipoufungua mlango ule alisujudu akasema, "Alhamdulillahi, Mola wangu ameniruzuku kutoka hewani."

Ng'ambo ya kijito aliishi Bibi Nargisi, mjane mwenye shamba la ngano aliloachiwa na mumewe. Mwaka hata mwaka ngano ile ilikuwa ikipungua, mabua yakawa membamba kama nywele za kikongwe. Mwisho wanawe wakamwambia, "Mama, ardhi imechoka. Tuhame." Akakubali na huku moyo unamuuma, kwa maana mumewe alizikwa pembeni mwa shamba lile.

Kabla ya safari akapita kwa majirani kuagana na kuombana radhi. Alimkuta Farukhi ameshazoa samadi ya mwaka ule, imelundikana mlangoni mwa mnara.

"Mwanangu Farukhi, nina haki yako shingoni mwangu," alisema. "Juzi njiwa wako aliingia shambani, hasira zikanipanda, nikamrushia donge la udongo. Likampata. Nikamwahi kwa kisu kabla hajakata roho, na wajukuu wakamla. Niambie nikulipe nini."

"Nimekusamehe, mama. Njiwa mmoja ni kitu gani?"

"Subiri, sijamaliza." Akafungua fundo la mtandio wake. Mlikuwa na ngano, haijai hata kiganja. "Hii nilimkuta nayo tumboni. Sikujua ni yangu au ni yako, maana imetoka ndani ya njiwa wako. Nikaogopa kuisaga."

Farukhi akaipokea. Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Aliitazama ile ngano, akalitazama na lile lundo la samadi.

"Hii ni yako, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Kama ni yangu, alhamdulillahi." Akaifunga tena fundoni. "Sisi tunaondoka Ijumaa."

Akaenda zake, wala juu ya samadi hakusema neno.

Farukhi aliingia ndani kwa mkewe, Zarina, aliyekuwa akipepeta dengu.

"Zarina, ile samadi si yetu."

"Ni ya njiwa wetu."

"Na njiwa wetu wanakula kwa nani?"

Zarina aliendelea kupepeta. "Bila samadi hakuna matikiti. Na bila matikiti, hawa watoto utawapikia uchamungu wako?"

"Najua," akasema Farukhi. "Ndiyo maana miaka yote hii sikuuliza."

Hapo Zarina akauweka ungo chini. Akasema, "Basi kama umeshauliza, nenda. Chakula cha shaka kikishajulikana hakishuki kooni."

Asubuhi yake, baada ya sala, Farukhi akashika fimbo akawafuata njiwa ili ajue wanatua wapi. Watu wakamfanyia mzaha: "Mchungaji wa njiwa huyo! Utawakamua saa ngapi?" Akawaitikia salamu na kupita. Kwa siku tatu aliwaona wakitua katika mashamba saba, na zaidi ya yote shambani mwa Bibi Nargisi.

Siku ya tatu alikaa kandokando ya kijito apumue, akaona maji yana wekundu wa mlima. Akayatia mkononi, yakapita, ukabaki unga laini wa jiwe. Akawaza: mlima umesagwa na mvua, ukayapa maji. Maji yakaupa udongo, udongo ukaipa ngano, ngano ikampa njiwa, na njiwa akaibeba hewani mpaka kwangu. Wote hawa wamepokea na kupitisha. Mwenye kufuli ni mimi peke yangu. Akalia pale pale, na aliposujudu, paji la uso lilipata tope.

Alhamisi akampakia punda magunia, akavuka kijito.

"Mama, nimekuletea ngano yako."

Bibi Nargisi akachungulia gunia, akaziba pua. "Imebadilika sura, mwanangu."

"Ilipita kwangu nami nikaizuia. Nisamehe."

Yule bibi akatia mkono guniani, akaipima. Kisha akawageukia wanawe: "Shusheni mizigo. Tutasubiri mwaka mmoja."

Mashamba yale sita mengine nayo yalipata fungu lake. Mwaka ule matikiti ya Farukhi yalikuwa kama ngumi, na nyumbani kwake walikula mkate wa shayiri, wakasubiri. Ng'ambo, ngano haikujaa ghala, lakini masuke yaliinama kwa uzito. Siku ya mavuno Bibi Nargisi aliacha mstari mmoja haujakatwa, karibu na kaburi la mumewe.

"Huo ni wa njiwa," aliwaambia wanawe. "Wakiula utarudi."

Mnara ule haukufungwa kufuli tena, na kila shamba lilichukua haki yake. Farukhi hakuacha kusujudu mlangoni, ila shukrani yake ilirefuka: "Alhamdulillahi, Mola wangu ameniruzuku kutoka mlimani, na majini, na shambani mwa Bibi Nargisi."

Ndugu zangu, mara ngapi tumeshukuru kwa riziki bila kuuliza imepita mikononi mwa nani? Nami ninayeandika ni wa kwanza kulaumiwa. Mwenyezi Mungu atusamehe, atujaalie tuwe njia za neema zake, wala asitufanye makufuli.