Mzee Bado Alivyolikalia Shoka

Paukwa!

"Pakawa!"

Ah-ah! Mnaitikia kama wagonjwa. Nimeacha mihogo yangu jikoni nikaja kukaa na nyinyi, halafu mnanipa sauti ya kitoto cha paka? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, hapo sawa. We Kidawa, mwachie mwenzio mkeka. Sogeeni, leo sitapiga kelele.

Hapo kale, kale hasa, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize, sikuambiwa. Kijiji hicho kilijaa miti. Miti mirefu, miti minene, miti inayoinamia mapaa kama watu wanaochungulia chungu. Na kazi ya watu wa hapo ilikuwa miti. Si kuikata ikaisha, la hasha! Kuitunza. Kupunguza matawi, kutoa yaliyooza, na mti wenyewe kuuacha hai. Watu wa mbali walikuwa wakifunga safari kuja kuwachukua wakwezi wa hapo.

Mkubwa wa wakwezi alikuwa mzee mmoja, Mzee Mwinyikai. Lakini jina hilo alilijua mama yake tu. Kijiji kizima kilimwita Mzee Bado. Goti lake moja lilikuwa bovu, hapandi tena. Kazi yake ilikuwa kukaa chini, kunusa ugoro, na kusema "bado."

Kamba imefungwa? Anaivuta, anaivuta tena. "Bado." Inafungwa upya. Mti umegongwa? Anaweka sikio kwenye gome, anagonga kwa rungu, ko, ko, ko, asikie kama ndani pana uwazi. "Bado." Anachechemea mpaka upande wa pili. Ko, ko, ko. Vijana wamekaa, wanatafuna vijiti kwa hasira.

Alikuwa na taratibu zake yule mzee. Shoka halipandi na mtu. Mtu anapanda kwanza, anajifunga, ndipo shoka linavutwa juu kwa kamba, na anayelifunga kwenye hiyo kamba ni Mzee Bado mwenyewe. Na tawi likiwa juu ya nyumba, basi mkataji, yule yule atakayelishika shoka, anaingia ndani kwanza. Anapapasa vitanda. Anachungulia nyuma ya mitungi. Anatoka anasema, "Nimeangalia." Si kuambiwa. Kuangalia.

Mnacheka? Hata wao walikuwa wakicheka. "Mzee anatafuta panya," walisema.

Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na mkwezi kijana, Pandu. Hodari, mwepesi, na anajijua kuwa ni hodari, ndiyo shida yake. Mkewe akiitwa Mize, na Mize alikuwa mzazi. Kajifungua mtoto wa kike, mdogo, mzuri, na arobaini yake bado haijatimia. Mnajua mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Yuko ndani, anakandwa maji moto, anakunywa uji.

Na juu ya chumba cha Mize, jamani, palikuwa na tawi la mvule. Tawi nene kama mwili wa ng'ombe. Siku zote lilikuwa limetulia. Mwaka huo likaanza kulia. Upepo ukija kidogo tu: kriii. Kriii. Vumbi la mti uliooza linamdondokea Mize kwenye chandarua. Na masika yanakaribia, mawingu yameshaanza kujikusanya.

Pandu akaenda kwa Mzee Bado anahema. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lile tawi?"

"Lile lile. Nataka kulikata leo."

Mzee akaenda, akagonga, akasikiliza, akagonga. Uso ukambadilika. "Limeoza mpaka ndani. Kamba tutalifunga, lakini siiamini. Linaweza kukatika na kwenda linakotaka lenyewe. Mkeo atoke."

"Arobaini yake, mzee!"

"Nimesikia. Mkeo atoke."

We! Wanawake wakaja juu. Mzazi atoke nje, macho ya watu yamwone, na kitoto kichanga? Haijapata kuonekana! Mzee Bado hakugombana nao. Alichechemea mpaka kwa mkunga, Bi Mgeni, akavua kofia, akakaa chini kabisa. "Bi Mgeni, mzazi ni wako, si wangu. Mimi nina mti tu. Nisaidie."

Bi Mgeni akafikiri. Kisha akasema, "Leteni mikeka."

Ikaja mikeka ya kijiji kizima. Watu wakasimama mistari miwili, kila mtu kashika mkeka mbele yake, kutoka mlango wa Mize mpaka mlango wa jirani. Ukawa ukumbi wa mikeka. Mzazi anatembea ndani yake, haonekani, ni kama hajatoka. Mzee Bado akafurahi mpaka akampa mkunga ugoro wake. Mkunga akapiga chafya, chyaa! Watu wakacheka.

Lakini hapo ndipo penye mambo, maana palikuwa na mwanamke mwingine. Bi Mosi, mama yake Pandu, bibi yake mtoto. Na Bi Mosi na Bi Mgeni walikuwa hawaivi. Wamenuniana, hawasemeshani. Kisa? Uji! Mmoja anasema uji wa mzazi utiwe pilipili manga nyingi, mwingine anasema kidogo. Kwa hilo tu wakakunjiana nyuso kama wamechomeana nyumba.

Na wanawake wa kijiji hicho walikuwa na desturi yao, ya ndani kabisa, wanaume hawaambiwi. Mtoto mchanga akilazimika kutolewa, wanafunga jiwe dogo la kusagia kwenye nguo, vizuri, kama mtoto. Hilo ndilo linalobebwa hadharani. Macho mabaya yaishie kwenye jiwe. Mtoto wa kweli anakuja nyuma, kafichwa ndani ya kaniki ya mwanamke mwingine, hata jirani hajui.

Basi Mize akatolewa, kashikwa huku na huku na dada zake. "Mtoto wangu?" "Anakuja nyuma yako, twende." Chumbani wakabaki wawili, Bi Mosi na Bi Mgeni. Bi Mosi akalichukua jiwe lake lililofungwa, akaliweka begani, akatoka nalo nje ya mikeka, hadharani. Moyoni anasema: kumficha mtoto ni kazi ya mkunga, atakuja naye. Bi Mgeni alikuwa kampa mgongo, anakusanya vyungu vya dawa. Alipogeuka, mwenzie hayupo. Moyoni akasema: bibi mtu ameshamchukua mjukuu wake, angeniachia mimi vipi na chuki yote hii? Naye akatoka na vyungu vyake.

Neno moja tu lingetosha. "Unaye?" Basi. Hawakuulizana.

Na mtoto? Kalala kitandani, katikati ya nguo za kumtia joto, kashiba, hana habari.

Mize alipofika kwa jirani alikuwa hoi. Akalazwa, usingizi ukamchukua hapo hapo. Bi Mgeni akakaa mlangoni kwake. Bi Mosi akakaa uani na jiwe lake, hataki kumtazama mwenzie.

Upepo ukaanza. Vuuuu. Tawi likalia: kriii.

Pandu hakungoja. Alikuwa ameshapanda, ameshajifunga, yuko juu anapiga kelele. "Huko chini pakoje?"

Watu wakaitikia kama walivyozoea: "Patupu! Patupu!"

"Nipeni shoka!"

Shoka haliji.

"Shoka jamani!"

Watu wakageuka. Mzee Bado amekaa. Amekalia shoka.

"Mzee, inuka! Upepo unakuja!"

"Bado," akasema Mzee Bado. "Pandu! Umeingia ndani?"

"Mzee wangu, mke wangu nimemwona kwa huku juu anatoka! Mtoto nimemwona begani kwa mama yangu! Niingie kutafuta nini?"

"Sijui utafute nini. Umeingia?"

"Ni chumba cha uzazi, mzee, wanawake wamekihama wenyewe!"

"Umeingia?"

Pandu akalitazama paa chini yake. Hajaingia.

Jamani, watu walikasirika. Mmoja akasema mzee kazeeka vibaya. Mwingine akamshika mkono amwinue, mzee akajifanya mzito kama gunia la chumvi. Upepo: vuuuu! Tawi: kriii! Matone ya kwanza yakaanguka, pwa, pwa. "Mzee unatuulia nyumba!" "Bado." "Mvua hiyo!" "Naiona. Bado. Akishuka akaingia akaniambia ameangalia, shoka nitampa. Asiposhuka nitalala nalo hapa hapa."

Pandu akajifungua kamba. Alishuka kwa hasira, anajikwaruza kifua kwa gome, anasema maneno ambayo mbele yenu sitayasema. Akampita mzee hata hakumtazama. Akausukuma mlango, pu!

Watu wanangoja.

Wanangoja.

Pandu hatoki. "Huyo naye amelala?" mtu akauliza. Wengine wakacheka kidogo.

Kisha akatoka. Alikuwa anatembea polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka mdomoni. Kifuani kwake kuna kifurushi cha nguo. Kifurushi kikapiga miayo. Kikatoa mkono mmoja mdogo, kikaukunja tena.

Bi Mosi, kule uani, alisikia vicheko vimekatika ghafla. Akachungulia. Akamwona mwanawe, akamwona mtoto. Akalitazama lile jiwe mikononi mwake. Likamponyoka, likaanguka, du! Akapiga ukelele uliomtoa Bi Mgeni mlangoni.

"Si ulikuwa naye wewe?"

"Mimi? Si wewe?"

Basi wakatazamana. Wote wawili wakakaa chini mavumbini, wakashikana, wakalia. Yule anamwambia mwenzie nisamehe, na huyu anamwambia nisamehe. Mtu angewauliza wakati huo pilipili manga kiasi gani kwenye uji, angeambiwa tia gunia zima!

Pandu akampa mama yake mtoto. Akaliendea shoka.

"Bado," akasema Mzee Bado, lakini sasa sauti yake ilikuwa laini. "Mikono inakutetemeka. Kaa kwanza, mwanangu. Pumua."

"Upepo, mzee."

"Nyumba ikivunjwa na upepo tutajenga. Kaa."

Akakaa. Akapumua. Akalia kidogo, na mzee akamwacha alie. Mikono ilipotulia, mzee akajiinua, goti likasema kak! Akalifunga shoka kwenye kamba.

Pandu akapanda. "Huko chini pakoje?"

Safari hii hakuna aliyefungua mdomo bila kutazama. Watu waligeuza shingo, walitazama kulia, walitazama nyuma, walihesabu watoto wao kwa kuwashika vichwa. Ndipo wakasema: "Patupu!"

Akakata kama alivyofundishwa, chini ya tawi kwanza, gome lisichunike likaujeruhi mti. Ka! Ka! Ka! Kisha juu. Ka! Ka! Ka! Kamba ikakaza. Tawi likainama. Kra-a-a-a! Ndani ni unga mtupu, limeoza kama mzee alivyosema. Likagawanyika, kamba ikakatika, taaa! Likaenda linakotaka lenyewe.

Pwaaaa!

Paa likaingia ndani. Ukuta ukalala.

Vumbi lilipotua, Pandu alishuka akapita juu ya majani na miti. Akaingiza mkono akachomoa kitu. Tendegu la kitanda, limevunjika katikati. Kitanda chote kilikuwa vijiti. Akakaa juu ya nyumba yake iliyobomoka, akaanza kucheka. Anacheka na machozi yanamtoka. Watu nao wakacheka, kijiji kizima, watu wamesimama kwenye mvua mbele ya nyumba iliyovunjika, wanakumbatiana kama wako harusini. Mkiona mtu anafurahia nyumba kuanguka, muulizeni kwanza nani hakuwemo.

Mize aliamshwa na vicheko. "Kuna nini?" Wakamwekea mtoto mikononi. "Hakuna kitu, mama. Mnyonyeshe." Mambo yote alikuja kusimuliwa baadaye, alipopata nguvu. Siku hiyo alinyonyesha tu.

Jioni Pandu alimfuata Mzee Bado kibarazani kwake. Alipiga magoti. "Mzee, ulijuaje kuwa mtoto yumo?"

Mzee Bado akamtazama kwa mshangao kabisa. "Mimi? Sikujua. Hata mimi nilimwona begani kwa mama yako."

"Sasa kwa nini ulinishusha?"

"Kwa sababu ulikuwa hujaingia."

Basi. Hakuongeza neno. Alikuwa mzee wa hivyo. Alipokufa, wakwezi walilia, na wale wale waliomwita mtafuta panya ndio waliobeba jeneza. Na mpaka kesho, katika kijiji hicho, hodari wa mahodari akitaka shoka, anaulizwa ameingia ndani au hajaingia. Akisema ameambiwa hamna mtu, wanamrudisha.

Nanyi watoto wangu, hilo ndilo ninalotaka mlichukue. Kazi iliyo juu ya maisha ya watu haifanywi kwa kuambiwa, wala kwa haraka, wala kwa kuona aibu ya kuuliza. Nenda ukaangalie mwenyewe, hata siku unayokuwa na hakika kuwa hamna kitu.

Hadithi yangu imeishiwa na pumzi, naiacha hapo ilipo. Mimi narudi kwenye mihogo yangu, na kama imeungua mtaila hivyo hivyo.